Mkutano Usio na Mwenyewe



Leo nitazungumzia mkutano wenye umri mkubwa kuliko Umoja wa Mataifa, lakini hauna mwenyewe. Hakuna kampuni iliyouanzisha, hakuna serikali inayoulea, hakuna makao makuu yenye bendera mlangoni. Ni mkutano wa watu wanaopenda hadithi za kisayansi: hadithi za safari za kwenda kwenye nyota, za mashine zinazofikiri, za miji ambayo bado haijajengwa. Jina lake Worldcon. Ulifanyika mara ya kwanza mwaka 1939, na ukiondoa miaka minne ya Vita Kuu ya Pili, 1942 hadi 1945, umefanyika kila mwaka tangu hapo, leo mji huu, mwakani mji ule. Wanaouandaa ni wasomaji wenyewe: walimu, wahandisi, wakutubi, wanafunzi, wastaafu. Hawalipwi mshahara. Tena kila mmoja wao hulipa ada ya uanachama kutoka mfukoni mwake, hata yule anayepanga viti tangu alfajiri, hata mwenyekiti wa kamati.

Naupenda mkutano huu, na nitakueleza kwa nini. Lakini sitakuficha madoa yake, maana nayo yanafundisha.

Mambo yalianza kwa anwani za posta. Mwaka 1926 Hugo Gernsback, mhamiaji kutoka Luxembourg aliyekuwa akichapisha majarida ya mafundi wa redio mjini New York, alianzisha jarida la Amazing Stories, jarida la kwanza la Kiingereza kushughulikia hadithi za kisayansi peke yake. Katika kurasa za barua alichapisha majina ya wasomaji pamoja na anwani zao kamili. Kijana wa Chicago akasoma barua ya kijana wa Brooklyn, akaona huyu anawaza kama mimi, akamwandikia moja kwa moja bila kupitia kwa mhariri. Barua zikazaa vilabu, vilabu vikazaa vijarida vilivyochapwa nyumbani kwa mashine ya kudurufu na kutumwa kwa stempu. Kabla mkutano haujawa mkutano, kulikuwa tayari na jamii ya watu waliojuana kwa mwandiko tu.

Julai 1939, New York ilipokuwa na Maonesho ya Dunia, watu hao wakaamua kuonana uso kwa uso. Walikodi ukumbi ulioitwa Caravan Hall, wakakaa siku tatu, kuanzia tarehe 2 hadi 4. Walikuwa kama 200, wengi wao vijana wa kiume wa Kimarekani. Mgeni wa heshima alikuwa mchoraji, Frank R. Paul, aliyekuwa akichora majalada ya yale majarida. Wakatazama filamu ya Metropolis. Miongoni mwa waliohudhuria alikuwapo Isaac Asimov, mwenye miaka 19, na Ray Bradbury, mwenye miaka 18. Bradbury alikuwa akiuza magazeti barabarani Los Angeles. Nauli ya basi la kuvuka nchi nzima alikopeshwa na shabiki mwenzake, Forrest Ackerman. Ackerman mwenyewe alitinga ukumbini amevaa joho na nguo za mtu wa karne zijazo, zilizoshonwa na Myrtle Douglas, mwanamke aliyefika naye akiwa amevaa mavazi ya namna hiyohiyo. Vijana wanaojipamba kama mashujaa wa katuni kwenye matamasha ya Nairobi siku hizi wanaifuata njia iliyofunguliwa na mshono wa mwanamke huyo.

Sasa sikiliza lililotokea mlangoni. Kulikuwa na kundi la mashabiki wa New York lililojiita Futurians, vijana wenye siasa za mrengo wa kushoto, walioamini kwamba anayeota dunia ya kesho hana budi kuwa na msimamo juu ya dunia ya leo. Waandaaji, wakiongozwa na Sam Moskowitz, walikuwa na uhasama nao wa muda mrefu. Siku ya kwanza kilikutwa kijitabu kilichowashutumu waandaaji kwa udikteta. Wale vijana wakaambiwa waahidi kwamba hawatavuruga mkutano ndipo waingie. Walikataa. Sita wakazuiwa: Donald Wollheim, Frederik Pohl, Cyril Kornbluth, Robert Lowndes, John Michel na Jack Gillespie. Aliyekitunga kijitabu, David Kyle, alikuwa ameshaingia, amekaa ndani.

Basi mkutano wa kwanza kabisa wa watu waliojinadi kuwa na mawazo mapana ulianza kwa kufungiana mlango. Ningeishia hapo ungesema hawa ni walewale. Lakini tazama miaka iliyofuata. Mwaka 1956 mkutano ulirudi New York, na mwenyekiti wake alikuwa David Kyle. Pohl alikuja kuwa mhariri na mwandishi mkubwa, akashinda tuzo za mkutano huohuo, na mwaka 1972 akaalikwa kuwa mgeni wa heshima mjini Los Angeles. Wollheim aliasisi kampuni ya vitabu ya DAW, naye akapewa heshima hiyo New Orleans mwaka 1988. Waliofunga mlango hawakuwa na uwezo wa kuuacha umefungwa, kwa sababu nyumba haikuwa yao. Mwaka uliofuata funguo zilikuwa Chicago, mikononi mwa watu wengine.

Hapo ndipo ulipo moyo wa jambo lenyewe. Worldcon huendeshwa kama kamati ya harusi za kwetu. Watu wanakutana, wanachagua mwenyekiti na mweka hazina, wanachanga, wanagawana kazi za ukumbi, chakula na mapokezi. Sherehe ikiisha wanasoma hesabu na kuvunja kamati. Tofauti ni kwamba fedha ikibaki, kwa desturi hupelekwa kwa kamati za miji inayofuata. Mji wa kupokea mkutano huchaguliwa kwa kura za wanachama miaka miwili kabla. Mashabiki wa mji fulani hujitokeza, huonesha ukumbi walioupata, hoteli na bajeti, kisha huomba kura. Asiyewataka wote anaruhusiwa kupiga kura ya kuwakataa wote. Chama kinachounganisha yote haya, World Science Fiction Society, kina katiba, na wanachama wake ni wanachama wa mkutano wa mwaka huo, basi. Hakina rais wa kudumu wala mwenyekiti wa maisha. Kifungu cha katiba hakibadilishwi mpaka kipitishwe na kikao cha mwaka mmoja na kuidhinishwa na kikao cha mwaka unaofuata, yaani katika mji mwingine na mbele ya watu ambao wengine hawakuwapo mara ya kwanza. Ndugu zangu wanaoongoza vyama vya waandishi na vya wasomaji, kitafakarini kifungu hicho. Kinachelewesha mambo kwa makusudi, ili hasira ya siku moja isiwe sheria ya miaka kumi.

Na uaminifu wa mpango huo ulipimwa mapema. Los Angeles ilikuwa imepewa mkutano wa mwaka 1942. Marekani ikaingia vitani, mashabiki wakaenda jeshini, mkutano ukasimama. Hakuna aliyeidai nafasi hiyo wala kuihamisha. Mwaka 1946, bunduki zilipokwisha nyamaza, mkutano ulifanyika palepale Los Angeles, kama walivyoahidiana.

Toka hapo ukaanza kutembea: Toronto mwaka 1948, London mwaka 1957, Heidelberg ya Ujerumani mwaka 1970, Melbourne mwaka 1975, Yokohama mwaka 2007. Mwaka 1966, mjini Cleveland, Gene Roddenberry alifika na filamu chini ya kwapa akawaonesha mashabiki kipindi ambacho televisheni ilikuwa bado haijakirusha hewani. Kilikuwa Star Trek, na ndani yake baadaye tulimwona Nichelle Nichols akiwa Luteni Uhura, Mwafrika wa karne ya 23, jina lake limetokana na uhuru wetu na Kiswahili kikiwa lugha yake ya nyumbani.

Ukifika leo utakuta mijadala kuanzia asubuhi hadi usiku, ya fizikia, ya ushairi, ya ufasiri, ya namna ya kujenga sayari ambayo msomaji ataiamini. Kuna soko la vitabu, maonesho ya uchoraji, mashindano ya mavazi, na mara nyingi chumba ambamo kila mwanachama hupata kitafunwa na kinywaji bila kulipa tena. Mwandishi mwenye jina kubwa na msomaji wa mara ya kwanza huvaa beji za namna moja.

Kinachoufanya mkutano usikike duniani, hata hivyo, ni tuzo zake, ambazo zimepewa jina la yule Hugo Gernsback wa anwani. Zilitolewa mara ya kwanza Philadelphia mwaka 1953. Nishani yake ni roketi iliyosimama wima, na zile za kwanza zilichongwa na shabiki mmoja fundi wa vyuma, Jack McKnight, katika karakana yake. Alihangaika nazo siku zilezile za mkutano, akakosa sehemu kubwa ya sherehe aliyokuwa akiisubiri, ili wengine wapate cha kushika jukwaani. Hadi leo nishani ni roketi, ila kitako chake hubuniwa upya na mji mwenyeji.

Washindi hawachaguliwi na jopo la maprofesa. Mwanachama yeyote hupendekeza kazi zisizozidi tano katika kila kipengele. Sita zenye nguvu huingia fainali. Kisha wanachama huzipanga kwa kufuata upendeleo wao, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Katika karatasi hiyohiyo ipo nafasi ya kusema kwamba hakuna iliyostahili. Kwa njia hii N. K. Jemisin, mwaka 2016, alikuwa mwandishi mweusi wa kwanza kushinda tuzo ya riwaya bora, kisha akaishinda tena mwaka 2017 na mwaka 2018. Hakuna aliyewahi kuichukua mara tatu mfululizo kabla yake. Mwaka huohuo wa 2016 Nnedi Okorafor, mwenye asili ya Nigeria, alishinda kwa novela iitwayo Binti, hadithi ya msichana wa Kihimba anayetoroka kwao usiku kwenda kusoma kwenye sayari nyingine. Ushindi huo ulitoka kwa wasomaji waliolipa ada, wakasoma, wakapiga kura.

Lakini kitu kisicho na mwenyewe kinaweza pia kuvamiwa. Mwaka 2015 makundi mawili yaliyochukizwa na mwelekeo wa tuzo yalipanga orodha, wafuasi wao wakaipendekeza neno kwa neno, na vipengele vizima vikajaa kazi za orodha hiyo. Wanachama walijibu kwa kujitokeza karibu 6,000 kupiga kura, na katika vipengele vitano wakaamua kwamba tuzo isitolewe. Mwaka huo wakapitisha namna mpya ya kuhesabu mapendekezo, mwaka 2016 wakaiidhinisha, mwaka 2017 ikaanza kazi.

Lililotokea Chengdu linaniuma zaidi. Wachina walipata mkutano wa mwaka 2023 kwa zaidi ya kura 2,000, na mimi nilifurahi, kwa sababu China ina mamilioni ya wasomaji wa hadithi hizi na ilikuwa haki yao. Mashabiki wa huko walikesha kuuandaa. Januari iliyofuata zikatolewa takwimu za tuzo, na watu wakagundua kwamba kazi kadhaa zilizopata mapendekezo ya kutosha ziliandikwa kuwa hazistahiki, bila sababu yoyote. Riwaya ya Babel ya R. F. Kuang ilikuwa mojawapo. Baadaye zikavuja barua zikionesha kwamba wasimamizi wa tuzo, tena watu wa nchi za Magharibi, walikuwa wamepekua maandishi na mienendo ya waandishi kutafuta chochote ambacho kingeweza kuwaudhi watawala wa China. Walipekua mpaka safari na maoni ya watu. Baadhi ya waliohusika waliachia nafasi zao, wengine wakakaripiwa. Ila msomaji aliyeandika jina la Babel kwenye karatasi yake alikuwa ameshaibiwa sauti, na mwandishi hatarudishiwa mwaka ule.

Nasema wazi: lile lilikuwa kosa zito kuliko la mwaka 1939. Waliozuiwa mlangoni New York walijua wamezuiwa, na walijua na nani.

Mwaka 2024 mkutano ukawa Glasgow, na kamati mpya ilijua kwamba inatazamwa. Walipohesabu kura waligundua mkumbo wa ajabu: wapigakura wenye majina ya ukoo yaliyofanana kila kitu isipokuwa herufi ya kwanza, tena yakifuatana kwa mpangilio wa alfabeti. Kati ya kura 3,813 wakafuta 377, ambazo nyingi zilimbeba mshiriki mmoja. Kisha wakafanya ambalo waliowatangulia hawakulifanya. Walitangaza hadharani, kabla ya sherehe, wakataja idadi, wakaeleza walivyogundua, na wakasema hawana ushahidi kwamba huyo aliyependelewa alijua, kwa hiyo jina lake hawatalitaja. Maelezo yote yaliingia katika taarifa fupi. Sijui kama wapo wasimamizi wengi wa chaguzi, kubwa au ndogo, wanaoweza kuandika taarifa ya namna ile na kuitia sahihi.

Msikilizaji atauliza, na sisi tunaingiaje? Ukweli ni kwamba Worldcon haujawahi kufanyika Afrika hata mara moja. Waandishi wa Kiafrika walioalikwa mara nyingi wamekwama kwenye dirisha la viza. Nauli peke yake ni mshahara wa miezi. Uanachama wa kuhudhuria ana kwa ana mara nyingi hupita dola 200 za Kimarekani. Mwaka 2020, korona ilipoufanya mkutano wa Wellington uhamie wote kwenye intaneti, ilionekana kwamba mtu anaweza kushiriki akiwa kwao, na tangu hapo baadhi ya kamati zimeendelea kuacha dirisha hilo wazi. Na kwa mwaka 2028 mashabiki wa huku kwetu walijitokeza kuwania, kwanza wakiutaja mji wa Kampala, kisha Kigali. Kwangu kule kujitokeza ni jambo kubwa, hata kabla ya kura. Anayewania hulazimika kukaa chini na wenzake, kupiga hesabu ya ukumbi na vitanda, kusimama mbele ya wageni na kusema, njooni kwetu.

Maana hadithi tunazo. Katama Mkangi, katika Walenisi ya mwaka 1995, alimrusha mhusika wake Dzombo kwa chombo cha angani hadi kwenye jamii nyingine kabisa. Wanuri Kahiu wa Kenya alitengeneza filamu fupi ya Pumzi, iliyotoka mwaka 2009, juu ya Afrika Mashariki ambamo maji yamekwisha na mwanamke mmoja anabeba mbegu kuipeleka nje ya kuta. Dilman Dila wa Uganda anaandika na kutengeneza filamu za aina hii. Tangu 2017 zipo pia tuzo za Nommo, zinazotolewa na chama cha waandishi wa Kiafrika wa hadithi za kisayansi na za ajabu.

Tena katiba ya Worldcon haisemi popote kwamba kazi lazima iwe ya Kiingereza. Riwaya ya Cixin Liu ilitoka kwanza kwa Kichina, ikafasiriwa na Ken Liu, ikatoka kwa Kiingereza mwaka 2014, na mwaka 2015 ikashinda, kwa sababu kazi ya lugha nyingine hupewa nafasi ya pili mwaka inapofasiriwa mara ya kwanza kwa Kiingereza. Na mwaka 2023, pamoja na uchafu wote ule, hadithi ya Hai Ya ilishinda ikiwa kwa Kichina, kwa kuwa safari hiyo wanachama wanaosoma Kichina walikuwa wengi. Hadithi fupi ya Kiswahili itakayochapishwa Dar es Salaam au Mombasa mwaka huu inastahiki mwakani kama nyingine yoyote. Katika vipengele vya hadithi fupi, mara nyingi mapendekezo yasiyofika mia moja yametosha kuifikisha kazi fainali. Uanachama wa kupendekeza na kupiga kura bila kusafiri ni karibu dola 50. Hizo si fedha kidogo, nalijua hilo, lakini vilabu vya usomaji vinaweza kuchangiana, wanachama wachache kila mwaka. Anayetaka kupendekeza awe amejiunga kabla ya mwisho wa Januari. Mapendekezo kwa kawaida hufungwa mwezi Machi.